TAHADHARI: Visanduku vya chenji "vilivyojaribiwa" vya mashine za soda

Wakuu, salaam. Hii inawahusu zaidi mlioko huku Uingereza mnaohangaika na mashine za kuuzia soda, chai na chokoleti, na nyinyi wa nyumbani mnaoagiza vitu kupitia kwetu. Nimepigwa pauni 135, na mimi ni fundi. Kwa hiyo msijidanganye kwamba nyinyi hampigiki.

Kuna jamaa anauza visanduku vya chenji vya zamani, vile vinavyokaa nyuma ya mlango wa mashine. Unatumbukiza sarafu, kinaitambua, kinaipanga kwenye mrija wake, kisha kinakurudishia chenji. Tangazo lilisema vimejaribiwa na vinapokea pauni mpya. Baada ya kunishushia kidogo, ikawa pauni 45 kimoja. Nikachukua vitatu kwa ajili ya mashine ya ukumbi wa jumuiya yetu hapa Leicester.

Kilichoniponza ni video. Kisanduku kiko mezani, kimeunganishwa na laptopu kwa waya wa MDB, ndiyo lugha inayotumiwa na mashine nyingi kuzungumza na kisanduku. Jamaa anatuma 08, amri ya kukianzisha upya. Kinaitika. Anatuma 09, kinataja sarafu zake zote mpaka pauni 1 na 2. Taa ya kijani inawaka. Nikasema moyoni huyu kazi anaijua, nikalipa.

Sasa sikilizeni mtego ulipo. Pauni ya duara ilikoma kutumika 15 Oktoba 2017, na hii ya pande 12 ilikuwa imeingia mtaani 28 Machi mwaka huohuo. Ya zamani ilikuwa na upana wa milimita 22.5, unene 3.15 na uzito wa gramu 9.5. Mpya ina milimita 23.43 kona hadi kona, unene 2.8 na gramu 8.75. Kisanduku hakisomi sura ya Malkia. Kinaipitisha sarafu kwenye koili na vihisi vya mwanga, kinalinganisha vipimo na jedwali lililohifadhiwa ndani yake. Kama jedwali ni la kabla ya 2017, pauni mpya kwake ni kipande cha bati. Lakini ukikiuliza kwa kompyuta unajua sarafu gani, kitakujibu "pauni 1" bila wasiwasi, na hakijasema uongo. Hakikwambii tu ni pauni ipi.

Mzigo ulipofika nikaanza na kile chenye stika nyeupe inayong'aa, imechapwa kwamba kinapokea pauni mpya. Ukingo mmoja ulikuwa umeinuka. Nikauingiza ukucha, stika ikatoka nzima, na chini yake ikatokea lebo ya kiwandani ya kijivu, imefifia, mwaka 2009. Nikatia pauni kumi mpya moja baada ya nyingine. Zote kumi, kling, kwenye sahani ya kurudishia. Kwenye droo nilikuwa na pauni moja ya duara niliyosahau kuipeleka benki; hiyo ikaingia kama mwenye nyumba. Hata peni 10 na peni 5 za karibuni zilikataliwa, maana tangu 2012 zinatengenezwa kwa chuma kilichopakwa nikeli, siyo ule mchanganyiko wa zamani.

Cha pili kilinitia moyo kwa dakika tano. Kilipokea pauni mpya, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikalala mshazari mrijani, na mota ilipojaribu kutoa chenji ikanguruma tu. Programu ilikuwa imebadilishwa kweli, ila mrija ni uleule wa pauni ya zamani, ambayo upana wake ni mdogo kuliko wa mpya. Ukijaribu sarafu mbili tu, hutaligundua hilo.

Cha tatu hata si cha MDB! Ni cha mfumo wa Executive, ambao kisanduku ndicho bosi na mashine inafuata. Soketi haifanani na ile ya MDB ya pini 6, umeme wake ni volti 24 za AC, wakati MDB hutoa takriban volti 34 za DC. Rafiki yangu alitaka tukate plagi tuunge nyaya. Nilimnyang'anya koleo.

Nikamwandikia muuzaji. Akajibu kwamba fundi wangu hajui kuunganisha. Nikamwambia fundi ni mimi. Kimya. Kesho yake kanipiga bloku.

Hela sijaipata, na hapa kosa ni langu. Alinishusha bei kidogo nikikubali kutuma kama malipo ya "marafiki na familia", na malipo ya namna hiyo hayana ulinzi wa mnunuzi. Tena anajitangaza kama mtu binafsi anayeondoa vitu gereji, ingawa kila wiki ana vipya. Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya walaji ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu kibovu. Kwa mtu binafsi unabaki kumfukuzia mwenyewe kwamba kitu hakilingani na maelezo.

Akaunti anabadilisha, ila zulia la bluu kwenye picha ni lilelile. Siku hizi ameongeza maneno "kinapokea sarafu za nchi zote". Ndugu mmoja wa Mombasa alikuwa karibu kuagiza viwili kwa sababu hiyo. Jedwali la pauni halijui shilingi, iwe hizi za Kenya zilizotoka 2018 au mia tano ya Tanzania ya 2014, mpaka mtu mwenye kifaa cha kukipangia upya aziingize, na vingi vya zamani havikubali.

Mkitaka kununua kwa yeyote, dai video moja isiyokatwa: namba ya kisanduku ionekane, pauni mpya kumi ziingie mrijani, kisha zote zitoke. Mwenye kitu kizima hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Kile cha 2009 nimekifanya kibubu cha binti yangu, maana peni 20, peni 50 na pauni 2 bado kinazitambua vizuri. Cha pili nakitafutia mrija wa pauni mpya. Mwenye nao aniambie, nitamfuata mwenyewe na sarafu zangu mfukoni, na tutajaribu kabla sijalipa.