Nimemaliza The Sopranos, na kilichoniumiza si kile kioo cheusi

Tahadhari kwanza: humu nimemwaga kila kitu, nani kafa na nani kamuua. Kama hujamaliza na hutaki kuharibiwa uhondo, ishia hapa, nenda katazame, utanikuta. Ingawa sidhani kama amebaki mtu asiyejua inavyoisha. Mimi nilijua miaka mingi kabla sijatazama hata dakika moja: familia iko mgahawani, kengele ya mlango inalia, kioo cha televisheni kinakuwa cheusi, basi. Usiku wa tarehe 10 Juni 2007, kituo cha televisheni cha HBO walipoionesha episodi ya mwisho kwa mara ya kwanza, Marekani walikuwa wanatazama watu karibu milioni 12, na wengi wao waliamini kebo imekatika wakati mbaya kuliko wakati wowote. Majina yalipoanza kupanda bila muziki ndipo wakaelewa, na hasira zikaanza. Hazijaisha mpaka leo.

Kwa hiyo kwenye kioo cheusi nilifika nimejiandaa. Ambacho hakuna aliyenionya ni Mzee Junior.

Nitamfikia. Kwa ambaye hajui kabisa tunazungumzia nini: ni tamthilia ya David Chase, misimu 6, episodi 86, kuanzia Januari 1999. Tony Soprano, anayechezwa na James Gandolfini, ni bosi wa genge la Mafia New Jersey, ng'ambo tu ya mto kutoka New York. Ana mke, Carmela, ana watoto wawili, Meadow na AJ, ana jumba lenye bwawa la kuogelea. Siku moja bata waliokuwa wameweka makazi kwenye bwawa lile wanaruka na kuondoka, na mwanaume huyu mwenye mwili wa kutisha anaanguka, anazimia. Hospitali wanamwambia moyo ni mzima, kasoro iko kichwani. Ndivyo anavyofika kwa Dk. Melfi, daktari wa akili, na kuanzia hapo tunamsikiliza akijieleza miaka yote hiyo bila kusema ukweli wote hata mara moja.

Aliyeniingiza ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Alinisumbua sana. “Shem, vumilia episodi nne tu. Ya tano ikishindwa kukukamata, mimi sitakuongelesha tena mambo ya tamthilia.” Ya tano ilinikamata kweli. Tony anampeleka Meadow kuona vyuo huko Maine, njiani anamwona mtu aliyewahi kuwachoma wenzake kwa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, na sasa anaishi kwa jina jingine. Anamwacha binti chuoni kwenye usaili, anakwenda kumnyonga yule mtu kwa mikono yake mwenyewe, kisha anarudi kumchukua mwanawe kama baba yeyote aliyechelewa kidogo. Mume wangu yeye alikimbia mapema. Alisema hawa watu wanakula mno na kuuana kidogo. Hajakosea sana.

Nadhani niseme na hili mapema: usiiweke sebuleni wakwe wakiwepo, na watoto wasiwe karibu. Ofisi yao iko nyuma ya klabu ya wacheza uchi, matusi hayapumziki, na wanawake wanapigwa na kuuawa mbele ya macho yako. Ile ya msimu wa tatu, binti mdogo anayepigwa mpaka kufa nje ya klabu, nilizima nikaenda kufanya kazi nyingine. Msimu huohuo Dk. Melfi anabakwa, polisi wanavuruga ushahidi, mbakaji anaachiwa. Sisi watazamaji tunajua kitu kimoja: akimwambia Tony neno moja tu, yule mtu hatamaliza wiki. Melfi analia mbele yake, Tony anamuuliza kama kuna jambo anataka kumwambia, Melfi anamtazama muda mrefu. Anasema hapana. Episodi inakatwa hapo. Nilipiga kelele peke yangu, nikitaka amwambie, na nikajua kabisa kwamba mwandishi amekaa hapo akiisubiri kelele yangu.

Huo ndio mchezo wote. Unafundishwa kumpenda Tony. Ana utani, anawapenda wanyama, anakula pasta baridi mbele ya friji usiku amevaa gauni la kuogea. Gandolfini anahema kwa pua kwa namna ambayo unajua amekasirika kabla hajafungua mdomo. (Alifariki Juni 2013 huko Roma akiwa na miaka 51, na kuna matukio ya kula yaliyonipa huzuni kwa sababu hiyo tu.) Halafu ukishampenda, wanakuletea Adriana.

Adriana ni mchumba wa Christopher, kijana ambaye Tony anamlea kama mrithi. FBI wanambana awe anawapelekea habari. Anakubali kwa uoga, anaugua tumbo kwa wasiwasi, mwishowe anamwambia mchumba wake ukweli. Kesho yake Tony anampigia simu: Christopher amejaribu kujiua, Silvio, msaidizi wangu, anakuja kukupeleka hospitali. Kinachofuata tunamwona Adriana anaendesha gari peke yake barabara kuu, sanduku lipo, amekimbia, na wewe unashusha pumzi. Picha inakatwa. Yuko kwenye kiti cha abiria, Silvio ndiye anayeendesha, yale yalikuwa mawazo yake tu. Gari linaacha lami na kuingia msituni. Anaanza kulia kabla halijasimama. Silvio anamvuta nje, na mara ya mwisho tunamwona akitambaa kwa mikono na magoti juu ya majani makavu. Risasi tunazisikia, hatuzioni. Na Silvio anachezwa na Steven Van Zandt, mpiga gitaa wa mwanamuziki Bruce Springsteen, ambaye kabla ya hapo hakuwa mwigizaji kabisa. Kwa siku kadhaa sikutaka kumwona.

Baada ya hapo Tony amekwisha kwangu, lakini mwandishi hakuridhika. Msimu wa mwisho Tony na Christopher wanapata ajali ya gari, Christopher amebanwa na damu inamkaba koo. Tony anaanza kupiga simu ya msaada, anasita, anaifunga simu, anamziba pua kwa vidole viwili mpaka kijana anatulia. Kisha anazunguka msibani akikerwa kwamba watu wanalia sana. Ni hapo ndipo nilipoacha kujali kama atauawa au hatauawa. Melfi naye anafika palepale kwa njia yake: anasoma utafiti unaosema wahalifu wa aina hii hutumia matibabu ya mazungumzo kujinoa zaidi, na anamfungia mlango. Tony anaondoka amekasirika. Ilikuwa inachekesha, ila sikucheka.

Sasa Mzee Junior. Ni ndugu wa baba yake Tony. Msimu wa kwanza wanagombea ukubwa, mzee anafika mpaka kutuma watu wamuue Tony, tena kwa uchochezi wa Livia, mama mzazi wa Tony. Baadaye akili inaanza kumwacha, na mwanzo wa msimu wa sita anampiga Tony risasi ya tumbo akimdhani ni adui wa zamani. Kwenye episodi ya mwisho vita na genge la New York vimekwisha. Bobby, shemeji yake Tony, kauawa kwenye duka la treni za kuchezea, Silvio yuko hospitali hajitambui, Phil Leotardo, bosi wa New York, amepigwa risasi kituo cha mafuta na gari lake mwenyewe likampita kichwani mbele ya wajukuu. Tony ameshinda, kama huko ni kushinda. Anakwenda hospitali ya serikali kumwona mzee.

Junior amekaa karibu na dirisha. Meno hana. Hamjui huyu aliyekuja. Tony anajaribu kumkumbusha, anamtajia watu, hakuna kitu. Mwisho anamwambia kwamba yeye Junior na baba yake Tony ndio waliokuwa wakiiendesha North Jersey, yaani genge la kaskazini mwa New Jersey. Junior anashangaa kidogo, ati sisi? Basi vizuri, anasema, kama mtu anayesimuliwa harusi ya jirani asiyemjua. Tony macho yanamlenga machozi, anageuka na kuondoka bila kuaga.

Niliirudia ile sehemu. Watu wote waliouawa kwa episodi 86, waliuawa kwa ajili ya kitu hicho: nani aendeshe North Jersey. Na mmoja wa waliokiendesha hakumbuki kama kiliwahi kuwapo. Livia aliwahi kumwambia mjukuu wake AJ, akiwa kitandani hospitali, kwamba yote haya ni bure tu. Wakati ule nilimwona mama mwenye sumu anayemwaga sumu yake kwa mtoto. Nikiwa na Junior pale dirishani nikamsikia upya, na sikupenda kwamba alikuwa na hoja.

Ukitoka hapo ndipo unaingia mgahawani. Ni Holsten's, duka la aiskrimu ambalo lipo kweli mjini Bloomfield, New Jersey. Tony anafika wa kwanza, anachagua wimbo kwenye kisanduku cha muziki mezani. Carmela anakuja. Tony anamweleza kwa sauti ya chini kwamba mmoja wa watu wake atatoa ushahidi mahakamani. Anakuja AJ, na mbele yake anaingia mwanaume mwenye koti la chapa ya Members Only, anakaa kaunta, anatazama upande wao, baadaye anakwenda chooni. Vinaletwa vitunguu vya kukaanga, kila mmoja anaweka pete nzima mdomoni. Nje Meadow anahangaika kuegesha gari, anaingiza, anatoa, anaingiza tena. Kila kengele ya mlango ikilia Tony anainua macho.

Katikati ya hayo kuna maneno ambayo kwenye mabishano ya mtu kafa hajafa huyasikii yakitajwa. AJ analalamikia kazi yake mpya, halafu anamkumbusha baba yake: si wewe uliyesema tujitahidi kukumbuka nyakati nzuri? Tony anauliza, nilisema hivyo? Amesahau. Aliyasema mwishoni mwa msimu wa kwanza, usiku wa mvua kubwa, kwa mishumaa, kwenye mgahawa wa rafiki yake Artie, familia hiihii ikiwa mezani. Ndiyo maneno bora aliyowahi kuwaambia watoto wake, na yeye hayakumbuki. Junior ameanza mapema tu. Kengele inalia, Tony anainua macho, giza, ukimya wa sekunde kama kumi.

Shemeji anaamini Tony aliuawa na yule wa koti. Ana ushahidi wake wote: mwanzo wa msimu wa sita sehemu ya pili, Bobby na Tony wakiwa kwenye mashua ziwani, Bobby anasema pengine ikikutokea huisikii. Chase mwenyewe, alipohojiwa miaka ya karibuni, alieleza kwamba wazo lake la mwanzo lilikuwa Tony aitwe kikaoni Manhattan, apite njia ya chini ya mto ya Lincoln akirudi kulekule ambako mwanzo wa kila episodi unamwonesha akitokea, na giza liingie hapo. Ukisikia hivyo ni vigumu kubisha. Nami sibishi. Namwambia tu shemeji: sawa, kafa, imekusaidia nini? Ananijibu, “Shem, wewe hupendi raha.”

Ila nawaelewa waliokasirika mwaka 2007. Walisubiri wiki kwa wiki, miaka minane, wengine walitaka kuona damu yake na wengine walitaka aponee. Mimi nimeitazama mfululizo, nikijua mwisho, bila kumngoja mtu. Ni tamthilia tofauti. Na wapo walioipenda kiasi kwamba Machi 2024 ile meza na viti vya Holsten's viliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni kwa zaidi ya dola 82,000. Sijui utaviweka wapi nyumbani.

Kasoro ninazo. Msimu wa nne unakokota miguu mpaka episodi yake ya mwisho, Carmela anapomfukuza Tony, ambapo Edie Falco, anayemcheza Carmela, na Gandolfini wanagombana kiasi kwamba nilihisi nachungulia nyumba ya watu. Ndoto ni nyingi na ndefu. Kuna moja ya msimu wa tano ambayo inakula karibu episodi nzima. Safari ya Vito, mmoja wa watu wa Tony, kule New Hampshire ilipaswa kukatwa nusu. AJ anachosha, ingawa watoto wa umri ule huchosha. Na weka maandishi chini ya picha, hata kama Kiingereza chako kimenyooka; wanavyoongea wakiwa na chakula mdomoni utapoteza nusu ya vichekesho, na vichekesho ni vingi kuliko unavyotarajia. Ile ya Paulie, mtu mwingine wa Tony, na Christopher kupotea kwenye theluji wakimfukuza Mrusi, nilicheka mpaka mume wangu akarudi sebuleni kuuliza kuna nini. Alikaa mpaka ikaisha, akaondoka tena.

Naipa tisa kwa kumi. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya New Hampshire. Shemeji sasa ananisukuma kwenye filamu ya 2021, ile ambayo mtoto wa Gandolfini anamcheza Tony akiwa kijana, nami nimemwambia asubiri, kwanza narudia msimu wa kwanza nione Junior alivyokuwa akiongea wakati anakumbuka kila deni la kila mtu.