MarineTraffic: meli unaiona, mzigo huuoni

Nafanya klaringi Dar es Salaam, magari ya Japani zaidi, na wateja wangu wengi wameijua programu hii ya kuonyesha meli ziko wapi kwenye ramani kabla hawajaijua BL, ile hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli. Saa kumi na mbili asubuhi mtu keshanitumia picha ya skrini: "Dada, mbona meli yangu imesimama?" Haijasimama, kaka. Iko mbali na antena za nchi kavu zinazopokea ishara zake, hiyo unayoiona ni taarifa ya juzi.

Nianze na sifa, maana inazo. Toleo la bure linatosha kwa kazi ya kila siku. Andika jina la meli, au afadhali namba yake ya IMO, ya utambulisho wa meli kimataifa, yenye tarakimu 7, kwa kuwa jina hubadilishwa na namba haibadiliki. Mshale wa kijani ni meli ya mizigo, mwekundu ni ya mafuta. Zamani nilikuwa nampigia ajenti wa meli, naambiwa "kesho kutwa", na kesho kutwa naambiwa hivyo hivyo. Sasa naiona mwenyewe imeshatoka Mombasa, naiona imetia nanga nje inasubiri gati, na namwambia mteja atafute hela ya ushuru mapema kabla gharama za stoo ya bandari hazijaanza kumla. Kwa hilo tu naipa nyota nne.

Ya tano nimeizuia, na si kwa sababu ya bei ya kifurushi cha setilaiti, kile cha kulipia kinachoonyesha meli zilizo mbali na nchi kavu. Programu inarudia tu kile meli ilichosema. Meli za tani 300 na zaidi zinazokwenda nchi za nje hulazimika kuwa na AIS, chombo cha redio kinachotangaza jina, mahali zilipo na mwendo. Tangazo hilo halina kufuli, hakuna anayelihakiki. Bandari meli inakokwenda na tarehe ya kufika huandikwa kwa mkono na mabaharia. Wakisahau, meli itafunga gati Dar huku bado inasema inakwenda Mombasa. Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, nyingine zilijaza nafasi ya bandari maneno ya kujinusuru: mabaharia wote Wachina, hatuna uhusiano na Israeli. Programu ikayaonyesha kama yalivyo. Juni 2025, GPS ilipovurugwa upande wa mlango wa bahari wa Hormuz, kuna meli zilionekana ziko nchi kavu.

Hayo ni ya manahodha. Ya kwetu ni matapeli, na wao wanaipenda programu hii kuliko mimi. Mteja wangu mmoja alipata baruapepe, anwani ni ya muuzaji wake kabisa ila herufi moja imeandikwa mara mbili. Ndani kuna BL, jina la meli, na picha ya mshale uko katikati ya Bahari ya Hindi. Eti benki yetu iko kwenye ukaguzi, malizia salio kwenye akaunti hii mpya. Akafungua programu, akaikuta meli palepale, roho ikatulia, akatuma. Meli ilikuwepo kweli na gari lake lilikuwemo humo humo. Hela ndiyo iliyokwenda kwingine, na muuzaji halisi bado anaidai.

Na hata ukilipa panapostahili, mshale hautoi mzigo bandarini. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilipoangusha kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk, meli ziliendelea na safari kama kawaida. Kilichokufa ni mifumo ya nchi kavu, na vituo vya bandari 17 kati ya 76 vya kampuni hiyo viliguswa; malori yakapanga foleni getini bila mtu wa kuyaambia kontena lipi ni la nani. Walisimika upya mifumo ya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Nakala muhimu ya mfumo wao ilipatikana ofisi ya Ghana, imenusurika kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Kumbe mgao nao una siku yake.

Kwa hiyo ofisini kwangu programu inajibu swali moja, meli iko wapi. Kama gari limo, naliuliza kwa ajenti wa meli hapa Dar kwa namba ya chesisi. Akaunti ikibadilika, mteja ampigie muuzaji kwa namba aliyokuwa nayo tangu mwanzo, asitumie iliyo kwenye baruapepe hiyo. Kifurushi cha setilaiti waachieni wanaoleta meli nzima ya ngano. Kwa Toyota IST moja, hela hiyo ongezea kwenye ushuru.