Koili ya MX kwenye breka ya NSX250: uzoefu wangu

Koili ya MX, ile ambayo mafundi wengi huiita shanti, naitumia kwenye breka (swichi kubwa ya kukata umeme) ya Schneider NSX250 inayolisha mashine za kiwandani. Ukibonyeza kitufe chekundu kilicho mbali, koili inapata umeme na breka inatripu, yaani inajikata yenyewe. Kama kifaa, naipa nyota nne. Inakaa nyuma ya kifuniko cha mbele, huhitaji kung'oa breka wala kugusa nyaya kubwa. Nyaya mbili tu, C1 na C2. Hata hivyo zima swichi ya juu, ile inayoilisha breka, ipige kufuli na upime kwanza, maana upande wa kuingilia wa breka unabaki na umeme hata breka ikiwa imezimwa.

Kinachowaponza wengi ni volti. Koili ya 380–415 ni ya fezi kwa fezi. Ukiilisha fezi na nyutro, 230, inapata asilimia 57 hivi ya 400, ilhali kiwango cha kimataifa cha breka, IEC 60947-2, kinadai ifanye kazi kati ya asilimia 70 na 110. Kitufe kitabonyezwa na breka itakaa vilevile. Ya 230 ukiipa 400, inaungua. Soma lebo ya koili yenyewe, usiamini boksi.

Nyota ya tano naizuia kwa sababu MX inahitaji umeme ili itripu. Waya wa kitufe ukikatika au fyuzi ya kontroli ikiungua, hakuna dalili yoyote, na utajua siku ya hatari. Kile kitufe kidogo usoni pa breka hakikusaidii hapo: kinapima mtambo wa ndani, hakigusi koili. Pima kwa kitufe chenyewe cha mbali, mashine zikiwa zimesimama. Mimi napendelea koili ya volti 24 DC yenye chaja na betri. Watu huogopa umbali bure: mita 100 za waya wa mm² 1.5, kwenda na kurudi, ni kama omu 2.4, na kwa koili ya wati 10 unapoteza takriban volti 1.

Mbadala ni koili ya MN, ya nyaya D1 na D4, inayofanya kinyume: inatripu umeme wake ukishuka, mahali fulani kati ya asilimia 70 na 35. Kitufe chake kinakuwa cha kawaida-fungwa (kinapitisha umeme hadi kibonyezwe), kwa hiyo waya ukikatika breka inaanguka yenyewe. Kwa usalama wa watu hiyo ndiyo bora, sibishani. Ila umeme ukikatika mara tatu kwa siku, mara tatu mtu ataenda kuinua breka. Kifaa cha kuchelewesha cha milisekunde 200 kinameza mtikisiko mfupi tu. Na MN ilishwe kutoka juu ya breka, upande wa kuingilia. Ukiilisha kutoka chini, upande wa kutokea, breka haitashika kamwe. Kwenye NSX nafasi ni moja, MX au MN, si zote mbili.

Breka ikitripu, mkono wake unasimama katikati. Ushushe hadi chini kabisa ndipo uinue. Ikigoma kushika, usikimbilie kununua nyingine: mara nyingi kitufe cha dharura bado kimejifunga ndani na MX ina umeme. Kizungushe kitoke, kisha jaribu tena.