Shata za madirisha kwa joto la Mtwara na Lindi: ipi ununue, ipi uiache

Dirisha linaloangalia magharibi ndilo linalokula umeme. Mtwara iko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana hupita karibu na utosi na huangukia bati zaidi kuliko kioo. Shida huanza saa tisa alasiri, jua likishainama. Kioo cha kawaida cha mita 1.2 kwa 1.5, kisicho na kivuli, kinaweza kuingiza wati 800 za joto saa kumi jioni, ambayo ni kama kuacha pasi ya umeme imewaka chumbani hadi magharibi. Pazia halisaidii sana, maana joto limeshapita kioo na limo ndani. Shata, yaani kifuniko cha dirisha, hufungwa nje, ikalizuia jua kabla halijafika kwenye kioo.

Kabla ya kuuliza bei, zunguka nyumba saa kumi jioni uone madirisha yapi yanapigwa na jua, halafu rudia saa mbili asubuhi upande wa mashariki. Nyumba nyingi zitahitaji shata mbili au tatu tu. Kisha jiulize: chumba hicho kina AC au hakina? Jibu hilo ndilo linaloamua ununue nini.

Ya kwanza: shata ya mbao yenye luva

Hii ndiyo ya vyumba vya feni na upepo, yaani vyumba vingi vya mikoa hii. Shata yenye povu la kuzuia joto ina faida pale ambapo ndani kuna ubaridi wa kulindwa. Ukifunga nayo chumba kisicho na AC usiku, joto la kuta na la watu linabaki humo pamoja na unyevu wa pwani, na kulala kunakuwa shida. Luva, yaani vibao vya kulala vilivyoinamishwa, zinazuia jua na kuruhusu kaskazi na kusi kupita. Nyumba za zamani za Mikindani, zenye kuta nene za mawe na madirisha ya mbao, zinaonyesha kwamba jambo hili lilieleweka hapa kabla ya kiyoyozi.

Mwambie seremala vipimo, usimwachie akisie. Vibao vya upana wa sm 6 viinamishwe nyuzi 45, upande wa nje uwe chini ili mvua isiingie, na kutoka mwanzo wa kibao hadi mwanzo wa kinachofuata iwe sm 4. Hapo vinapandana kidogo, na aliye nje haoni ndani. Ubao mmoja wa shata, wenye kimo cha mita 1.2, utabeba vibao 26 hivi. Mninga ni chaguo zuri: haupindi sana na mchwa hauupendi. Mkongo ni mgumu zaidi lakini mzito, kwa hiyo weka bawaba tatu kila ubao, si mbili. Mbao laini zilizotiwa dawa zinafaa kama dawa imeingia hadi ndani: omba kipande kikatwe katikati uone rangi yake imefika wapi.

Kosa la kawaida ni kubananisha. Mbao huvimba masika. Acha mm 4 au 5 mahali mbao mbili zinapokutana, la sivyo ifikapo Februari au Machi hazitafunga, na fundi atakayeitwa atazipiga randa hadi kiangazi ziache ufa.

Ya pili: sandwichi ya fundi seremala, kwa chumba chenye AC

Kwa thamani ya pesa, hakuna inayoishinda hii kwenye chumba cha kiyoyozi, duka la dawa au stoo ya bidhaa zinazoharibika kwa joto. Ni fremu ya mbao, katikati polistaireni ya mm 25 (lile povu jeupe gumu linalokuja kwenye boksi za runinga), na plaiwudi ya kuhimili maji ya mm 6 kila upande. Kwa unene uleule, povu hilo linazuia joto takriban mara nne kuliko mbao. Ubao wa sm 60 kwa mita 1.2 hautafika kilo 10, wakati ule wa mninga mtupu wa mm 25 unazidi kilo 11.

Gundi ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Ile ya njano ya kushonea viatu inayeyusha polistaireni. Utaona mashimo siku hiyohiyo. Tumia gundi nyeupe ya mbao, kisha bana kwa vibano usiku kucha. Kingo zote zizibwe kwa ubao na silikoni, maana sisimizi hutoboa povu wakaweka kiota, na maji yakiingia kwa chini plaiwudi inabambuka. Upande wa nje paka rangi nyeupe au ya krimu. Rangi ya kahawia inapendeza lakini hunywa jua. Usiiweke dirisha la jikoni karibu na jiko: polistaireni hushika moto na moshi wake ni sumu. Zungushia ukingo mpira wa kuziba mlango, kwani nyufa zikibaki, AC inapoza uani.

Faida uipime kwa luku yako mwenyewe. AC ya BTU 12,000 hutumia takriban uniti moja kwa kila saa ambayo kompresa inafanya kazi. Ikipungua saa mbili kwa siku, ni uniti 60 hivi kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti uliyonunulia, linganisha na gharama ya shata, utajua itajilipa baada ya miezi mingapi.

Ya tatu: rola ya alumini yenye povu

Rola ni shata ya vibao inayojiviringisha kwenye boksi la juu. Ni nzuri, ni salama, na inashuka kwa mkanda bila kufungua dirisha. Ila wauzaji huisifia povu kupita kiasi. Kibao chake kina unene wa mm 8 au 9 tu, na alumini pembeni inapitisha joto upesi. Kazi kubwa inafanywa na kivuli na hewa iliyotulia kati ya rola na kioo. Inunue kwa urahisi na usalama wake, usilipe ziada kwa ajili ya maelezo ya povu.

Dukani omba kipande kilichokatwa. Povu lijae hadi kona. Bonyeza kwa dole gumba: kikibonyea, mpira wa watoto utakibonyeza pia, na kibao kilichobonyea hakinyooki. Angalia kama kila kibao kina kizuizi pembeni, maana bila hivyo vibao vinahama na kukwaruza reli. Boksi la juu, sm 14 hadi 18, lizibwe vizuri kama limejengewa ukutani. Ukichukua ya mota, hakikisha ina mkono wa kuzungusha umeme ukikatika. Agiza vibao vya akiba vitatu au vinne pamoja na mzigo, na uagize mapema kabla ya masika: Mei 2024 barabara ya Dar ilikatika Somanga, na mizigo ilikwama.

Ya nne: rola ya chuma ya dukani

Ni ya kuzuia wezi tu. Bati moja la chuma likipigwa na jua linageuka kipasha joto. Usibandike povu upande wa ndani, litang'oka likijiviringisha na kukwamisha rola. Afadhali ongeza kibaraza cha mita 1.2 mbele yake. Bapa la chini ndilo linalooza kwanza kwa maji ya kudekia. Lipake rangi ya kuzuia kutu kila mwaka.

Ya mwisho: karatasi za kung'aa na filamu za kioo

Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, sawa. Zaidi ya hapo, hapana.

Kabla hujalipa

Angalia nondo. Madirisha mengi hapa yana grili, na shata inayofunguka nje haifungiki kama mkono hautoki. Grili iwe na kidirisha chenye kufuli ambacho ufunguo wake unakaa karibu na dirisha, au uchague rola ya mkanda. Grili ikiwa nje ya ukuta, shata inabidi ikae mbele yake kwa fremu ya ziada.

Pima upana sehemu tatu na kimo sehemu tatu, uchukue kipimo kidogo. Pima pia kona kwa kona. Tofauti ikizidi mm 5, tundu limepinda na fremu inahitaji vipande vya kujazia.

Shangani, Msimbati na ufukwe wa Lindi, skrubu na bawaba ziwe za chuma cha pua daraja la 316. Masasi, Newala au Nachingwea, 304 inatosha. Skrubu ya chuma inapogusa alumini, weka washa ya plastiki kati yake, la sivyo chumvi itakula alumini kuzunguka tundu. Kila shata iwe na ndoano ya kuishikilia ikiwa wazi na komeo mbili, juu na chini, ikiwa imefungwa: Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilipiga Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Hidaya cha Mei 2024 kikaja pwani yetu yenyewe. Fundi asipewe salio kabla hujafunga na kufungua kila shata mwenyewe, kisha ukaimwagia ndoo ya maji kwa nje.