Komiki za supahiro za watu wazima: ukijiunga Marvel Unlimited anzia hapa

Nina mwaka na nusu sasa na Marvel Unlimited, nalipia mwenyewe kila mwezi, na bado kila nikimwambia mtu mzima mwenzangu kwamba nasoma komiki ananiangalia kama nimemwambia nashinda na katuni za watoto. Hapana jamani. Humo ndani kuna mambo ya watu wazima kabisa, ya ndoa, ya ulevi, ya wapangaji kufukuzwa, ya mtu kuharibiwa maisha na tajiri mmoja aliyemkalia kooni. Shida ni kwamba mgeni akiingia hajui ashike wapi, wengi wanakimbia wiki ya kwanza, na mimi nilibakiza kidogo tu nikimbie.

Kwa asiyeijua, ni maktaba ya komiki za Marvel kwenye simu au tableti, unalipa ada unasoma chochote kilichomo. Mimi nalipa dola 9.99 kwa mwezi, kwa hela yetu ni elfu ishirini na kitu kutegemea dola imeamkaje, na ukilipia mwaka mzima inatoka nafuu zaidi. Kuna matoleo zaidi ya 30,000. Toleo jipya linaingia humo miezi mitatu baada ya kuuzwa dukani, ila wewe mgeni hilo lisikuumize kichwa maana ulivyo navyo huwezi kuvimaliza. Kadi yangu ya benki iligoma mara mbili kulipia, nikatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu ikakubali palepale, kwa hiyo ukikwama hapo usikate tamaa. Na unaweza kupakua ukasoma bila bando, mimi napakua kazini kwenye wifi halafu nasoma kwenye mwendokasi nikirudi.

Kosa langu la kwanza nilidhani hadithi lazima ianzie mwanzo, nikafungua Spider-Man ya 1963 toleo la kwanza. Naiheshimu sana ile kazi, lakini iliandikwa kwa ajili ya watoto wa wakati ule, maneno yamejaa kila kiboksi, mtu anaruka huku anakuelezea kwamba anaruka. Nikahamia kwenye yale matukio makubwa ambayo supahiro wote wanakusanyika, huko ndio nikapotea kabisa, watu arobaini wanapigana na mimi simjui hata mmoja anagombea nini. Nikakaa wiki mbili sijafungua.

Kilichonirudisha ni kutafuta hadithi fupi, iliyokwisha, ya mtu mmoja, iliyoandikwa na mwandishi mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hiyo tu.

Ya kwanza ni The Vision ya 2015, mwandishi Tom King, mchoraji Gabriel Hernandez Walta, matoleo 12 basi imeisha. Vision ni roboti mwenye umbo la mtu, anafanya kazi na Avengers, kile kikosi cha supahiro, sasa kaamua kuwa na familia, kajitengenezea mke na watoto wawili mapacha na kahamia mtaa wa watu wa kawaida kule Arlington, Virginia, nje kidogo ya Washington. Majirani wanakuja kuwakaribisha na biskuti. Wenyeji hawali chakula, lakini wanapokea, wanatabasamu, wanajitahidi mno kuonekana wa kawaida, na wewe unayesoma unaanza kusikia baridi bila kujua kwa nini. Toleo hilo hilo la kwanza, mume yuko kazini, adui anavamia nyumbani na kumjeruhi yule binti, na mama wa nyumba anampiga mpaka anamuua. Baadaye anamzika uani usiku na kumwambia mumewe kwamba adui alikimbia.

Kuanzia hapo hakuna cha supahiro tena, ni nyumba yenye siri. Uongo mmoja unaomba wa pili, wa pili unaomba wa tatu, na wote wanaudanganya moyo kwamba wanailinda familia. Nilimpa shemeji yangu tableti asome, mume wa dada yangu, mwalimu, mtu aliyekulia na gazeti la katuni la Sani, Lodi Lofa na Ndumilakuwili anawajua kama ndugu zake, lakini hizi za Kimarekani alikuwa anaziona za kitoto. Saa sita usiku simu inaita. "Shem, huyu mama kazika mtu uani na mumewe hajui, sasa itakuwaje?" Nikamwambia soma. Kesho yake kazini alikwenda macho mekundu.

Kiingereza chake ni chepesi na kimenyooka, hilo nalo ni muhimu kwetu, na kuna sehemu ya kusomea kiboksi kimoja kimoja inayokuza picha ijae kwenye kioo, iwashe kama unatumia simu ndogo maana bila hiyo macho yatauma.

Ukimaliza Vision utakuwa mzito moyoni, kwa hiyo nenda Hawkeye ya 2012 ya Matt Fraction na David Aja, matoleo 22. Huyu ni mpiga mishale, hana nguvu zozote za ajabu, akianguka anavunjika kama mimi na wewe na anashinda na plasta usoni. Anaishi jengo la wapangaji Brooklyn, na vita yake ya kwanza ni na mwenye nyumba anayepandisha kodi ili awatoe watu. Sisi tunaolipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo hiyo hadithi inatuingia bila mkalimani. Halafu toleo la 11 lote limesimuliwa na mbwa. Yaani unaona anavyoona mbwa, harufu zimechorwa kwa alama ndogondogo zilizounganishwa na mistari, na binadamu wakiongea anaelewa neno moja moja tu, mengine ni makelele. Toleo lile lilipata Eisner, tuzo kubwa ya komiki kule Marekani, na ukilisoma huulizi kwa nini. Toleo la 19 nalo, jamaa kapoteza uwezo wa kusikia na sehemu kubwa ya mazungumzo ni lugha ya alama iliyochorwa mkono kwa mkono, hawakutafsirii, unabaki unahangaika kuelewa kama yeye anavyohangaika. Nililirudia mara tatu.

Sasa angalizo la kutafuta. Usiandike jina peke yake, utaletewa Hawkeye kumi na Daredevil kumi, angalia mwaka pembeni ya jina. Hili linakuhusu zaidi kwenye Daredevil: Born Again, ya Frank Miller na David Mazzucchelli, ya 1986, ambayo imo ndani ya ule mfululizo mrefu wa Daredevil ulioanza 1964, namba 227 mpaka 233. Saba tu. Daredevil ni wakili kipofu, jina lake halisi Matt Murdock, na jina hilo analificha. Mwanamke aliyewahi kumpenda, sasa kaingia kwenye unga, anaiuza siri ya jina lake kwa ajili ya kete moja, ile siri inatembea mpaka inamfikia Kingpin, tajiri bosi wa wahalifu, na Kingpin hatumi majambazi kwanza. Anagusa akaunti ya benki. Anagusa leseni ya uwakili. Anagusa nyumba. Matoleo ya mwanzo yanafunguka na picha ya Matt amelala, unamwangalia kutoka juu, kwanza kitandani kwake, toleo linalofuata hoteli ya bei chee kajikunja, linalofuata uchochoroni kwenye takataka. Hakuna maelezo, unaona tu mtu anavyoshuka. Kama umewahi kuona mtu anafilisika mbele ya macho yako utaipata vizuri.

Alias ya 2001 ni ya Brian Michael Bendis na Michael Gaydos, matoleo 28, ya Jessica Jones, aliyewahi kuwa supahiro akaacha, sasa ni mpelelezi wa kujitegemea, anakunywa sana, anajichukia, na kwa nini yuko hivyo utakuja kujua mwishoni kabisa. Subiri, usiruke. Hii ndio iliyofungua MAX, chapa ya Marvel ya komiki za watu wazima, mwaka ule ule Marvel walipoachana na ile mihuri ya zamani ya maadili ya komiki, kwa hiyo neno la kwanza kabisa ukurasa wa kwanza ni tusi, na kuna mambo ya chumbani. Misemo ya mtaani ya Kimarekani ni mingi humu, nenda polepole.

Na hapa naomba wazazi mnisikilize. Mpwa wangu wa miaka 9 alichukua tableti akitafuta Spider-Man, mimi nimeenda kuoga, nakuta kafungua Alias. Akaniuliza neno. Nilishikwa na aibu kwa sababu kosa lilikuwa langu, nilimwachia kifaa chenye akaunti yangu kikiwa wazi. Kwa hiyo jifunzeni alama za kwenye majalada: T+ ni miaka 13 kwenda juu, Parental Advisory ni 15, MAX ni 18. Picha za rangi zisiwadanganye mkadhani kila kitu ni cha mtoto.

The Punisher ya 2004 ya Garth Ennis, nayo ni MAX, watu wanaisifia sana na imeandikwa kwa akili, ila ukatili wake mimi ulinizidi nikaishia katikati. Kama moyo wako mgumu ipo.

Ya mwisho iacheni mpaka mzoee, Immortal Hulk ya 2018, mwandishi Al Ewing, matoleo 50. Mtaani tumekua tukisema steringi hafi. Huyu Bruce Banner, mtu anayegeuka kuwa Hulk, anakufa. Anapigwa risasi mchana anakufa kweli, maiti inalala, jua likizama Hulk anaamka. Ni ya kutisha, si ya ngumi, miili inachanika na kugeuka kwa namna ambayo nashauri usiisome ukiwa unakula, lakini ndani yake kuna mtoto aliyepigwa na baba yake na hasira iliyokosa pa kwenda, na ndio maana siwezi kuiacha. Usizisome mfululizo, mbili tatu kwa siku zinatosha.

Shemeji kwa sasa yuko Hawkeye, jana kanitumia picha ya yule mbwa. Mimi niko Immortal Hulk namba 31, nimeshapakua mpaka 36 kwa ajili ya basi la Tanga Ijumaa.