Mkanda wa pesa wa kuvaa ndani ya nguo: nimeuvaa kutoka Kampala mpaka Georgetown na Trinidad

Huu mkanda niliununua shilingi 30,000 kwenye jengo moja la maduka pale Kampala mjini, mwezi wa tano 2024, wiki mbili hivi kabla ya safari. Nimekaa nao muda mrefu bila kuandika kitu, lakini juzi binamu yangu kanipigia anataka kuuazima, anaenda Barbados kwa harusi, basi nikaona heri niandike yote mahali pamoja na wengine wasome.

Safari yenyewe ilikuwa ya kriketi. Mwaka huo Uganda iliingia Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi ya ova ishirini kila timu (ova moja ni mipira sita), kwa mara ya kwanza, mechi tatu Guyana pale Providence na ya nne Trinidad, uwanja wa Brian Lara kule Tarouba, na mimi niliyekulia barracks Naguru nikitembea mpaka Lugogo kutazama mechi za bure kila wikendi singeweza kukaa nyumbani. Tulikuwa watu wanne, mimi, kaka yangu mkubwa na marafiki zake wawili. Kila tuliyemwambia tunaenda Karibiani alitutisha, mara wizi, mara bunduki, mara msitoke hotelini. Mi nikasema jamani mtu aliyepita Old Taxi Park, ile stendi ya teksi iliyojaa watu Kampala, saa kumi na mbili jioni na simu yake ikafika nyumbani si mgeni kabisa kwa mambo haya, ila pale unajua nani anakusogelea na kwa nini, ugenini hujui, ndo maana nikanunua mkanda.

Ni nailoni nyembamba rangi ya ngozi, mifuko miwili ya zipu, mkubwa wa pasi ya kusafiria na mdogo wa noti, na lastiki ya kiunoni yenye kifungo cha plastiki. Unauvaa chini ya nguo, tumboni au mgongoni. Yani ni kazi ileile ya fundo la leso la jaja yangu, yani bibi, kule Busia, yeye alikuwa anauza samaki sokoni na pesa ya kutwa nzima anaifunga kwenye pindo la leso ya ndani, ile ya juu ina sarafu za chenji tu. Sikumbuki hata siku moja jaja kufungua fundo la ndani mbele ya mteja. Nilikuja kuelewa kwa nini nilipofika Georgetown, mji mkuu wa Guyana.

Kwanza niseme ubaya wake manake upo. Guyana mwezi wa sita ni mvua na joto la kunata, joto lisilopoa hata usiku, na nailoni hii haipumui hata kidogo. Siku ya kwanza tu nilirudi chumbani nikafungua nikakuta dola zimelowa jasho, zimeshikana kama karatasi ya sukari guru, na pasi yangu imeanza kujikunja kona. Nilikasirika kweli, pasi ya Uganda si kitu cha kupata kwa siku moja. Dawa yake ilikuwa kaveera, mfuko wa plastiki ule mwepesi wa kufungia mkate, nikaifunga pasi humo na noti humo, ndo nikauvaa mkanda. Toka hapo hakikulowa kitu. Zipu nayo ya mfuko mdogo ilianza kutu siku ya nne hivi kwa ajili ya chumvi ya jasho, ikawa inakwama katikati, nikaipaka kipande cha mshumaa ikateleza. Na kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano ambayo sisi tunaotoka Uganda tunaulizwa tukiingia kule, haiingii kwenye mfuko wa pasi bila kukunjwa, yangu ilizidi kidogo kwa urefu. Mtengenezaji alipima pasi akaishia hapo.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Georgetown kuna soko linaitwa Stabroek, la chuma, na mnara wa saa juu yake unaonekana kutoka mbali, na hapo nje ndipo mabasi madogo yanapojaza abiria, makondakta wanaita, muziki juu, mtu anakushika mkono anakuvuta kwenye basi lake, ukifumba macho uko Kampala kabisa. Kila mtu pale mjini anakwambia chunga mfuko ukifika hapo. Nilikuwa nimebeba kijipochi cha begani, kimepita mbele, kina zipu. Wakati napanda, mguu mmoja juu mmoja chini, jamaa wa mbele yangu akasimama ghafla mlangoni kama amesahau kitu, wa nyuma akanisukuma, nikasikia tu mguso mwepesi sana pembeni ya tumbo, kama mtu anayekutoa nyuzi kwenye nguo. Wa mbele akaomba radhi akashuka. Nilipokaa nikakuta zipu ya pochi iko wazi imeachama.

Walipata dola 2,000 za Guyana, ambayo wakati huo ilikuwa kama dola 10 ya Marekani, shilingi elfu 37 hivi zetu. Na ufunguo wa chumba! Huo ndio ulioniuma, nililipa kitasa kipya nyumba ya wageni na mama mwenyewe alikuwa mpole lakini ilibidi fundi aitwe usiku. Ufunguo usiuweke kwenye pochi ya kuibiwa jamani. Pasi, kadi ya benki, dola zangu zote, vyote vilikuwa kiunoni na mkono wa yule mtu ulipita sentimita chache tu karibu navyo bila kujua. Hapo mkanda ulilipa hiyo elfu 30 yake mara mia.

Lakini ulifanya kazi kwa sababu ya ile pochi ndogo, hili ndo nataka watu walisikie vizuri. Mwizi alitafuta akapata, akaenda zake. Ningekuwa na mkanda peke yake ningelipa nauli kutoka wapi? Ningeinua blauzi mbele ya steji nzima. Na hilo nililiona kwa macho yangu, rafiki wa kaka alinunua mkanda kama wangu duka lilelile, siku moja tunakunywa maji ya dafu barabarani akainua fulana yake, akafungua zipu, akatoa burungutu la dola akaanza kuchagua noti ndogo. Yule mama muuza madafu aliacha kukata, akaweka panga chini, akamwambia kwa sauti ya chini mwanangu rudisha hiyo ndani, na nyingine usiitoe hapa. Hata pesa yake hakuipokea mpaka fulana imeshuka. Alitusaidia sana yule mama, kulikuwa na vijana wamekaa pale kwenye ukuta na wote walikuwa wanatazama kiuno cha ndugu yetu. Jioni tulirudi njia nyingine.

Kwa hiyo utaratibu niliokuja nao ni kwamba asubuhi chumbani, mlango umefungwa, natoa pesa ya siku hiyo tu naiweka kwenye pochi, mkanda haufunguliwi tena mpaka nirudi. Ikitokea lazima, ni chooni. Nauli ya kurudi usiku naiweka peke yake mfuko wa suruali.

Hiyo ya usiku ni muhimu kwa sababu mechi zetu zote nne zilichezwa usiku. Ile ya Papua New Guinea tuliyoshinda, tarehe 5 mwezi wa sita, mzee wetu Frank Nsubuga ana miaka 43 anarusha ova nne, wapinzani wanapata kwake mikimbio minne tu na anawatoa wapigaji wawili, wao wameishia 77, sisi tukahangaika mpaka 78 huku wapigaji wetu saba wameshatolewa, nililia, sitaki kudanganya, nililia na bendera shingoni. Saa kama hiyo ndo mtu anasahau mwili wake wote, unakumbatiwa na watu usiowajua, na mimi nilikuwa naruka huku kiganja kimoja kiko tumboni juu ya mkanda. Tukitoka hatukutembea kutafuta usafiri, mama wa nyumba ya wageni alikuwa ametupangia dereva mmoja anayemjua, bei tumeshakubaliana mchana. Teksi za halali Guyana namba zake za gari zinaanza na H, na Trinidad pia ni H, hiyo ishike kichwani. Trinidad utaona magari ya watu binafsi yenye P yanapakia abiria, wenyeji wanapanda kila siku, lakini hayana leseni ya biashara hiyo na wewe mgeni huna wa kumlalamikia.

Trinidad nilipumua kidogo. Mabasi yao madogo yanaitwa maxi, yana mstari wa rangi ubavuni, sisi tulichukua wa kijani kutoka City Gate pale Port of Spain kwenda San Fernando, watu wanapanga foleni, hakuna kuvutana. Begi nililipakata mapajani na simu haikutoka dirishani, tabia niliyoijua toka foleni za Jinja Road ambako mkono unaingia dirishani simu inaondoka na mkono. Kitu kingine ambacho hakihusu mkanda ila kinahusu kukaa salama: kaka alikuwa amepakia kaptula ya kombati, ile ya madoa kama ya jeshi, nikaitoa tukiwa bado Kampala kabla hatujafunga begi. Trinidad, Barbados, Jamaica, raia kuvaa kombati ni kosa la sheria, hata mtoto, hata kofia. Sisi watoto wa barracks hilo tumelijua toka utoto kwa hapa kwetu.

Uwanja wa ndege mkanda uvue mapema, chooni, uuweke kwenye begi la mkononi kabla ya mashine. Mimi nilisahau Entebbe nikaitwa pembeni, nikaufungua mbele ya foleni nzima, ndo kile nilichosema usifanye.

Nyota nne kati ya tano. Nyumbani nimeupeleka Kiyembe kwa mama mmoja mshonaji, kaweka kitambaa cha pamba upande wa mwilini na zipu ya plastiki, 8,000, sasa haunati na hauoti kutu. Binamu nitampa huo pamoja na kaveera mbili na pochi yangu ya begani, vyote vitatu au asichukue kabisa. Na wewe mwenye duka kama unasoma, agiza wenye zipu za plastiki na mfuko mkubwa uzidi urefu wa kadi ya manjano, abiria wengi wa hapa kwetu tunasafiri nayo, na hata ukiongeza elfu tano juu nitanunua miwili.