Makumbusho ya Israel, Yerusalemu: jiwe la Pilato, sanduku la Kayafa na swali la kijana mmoja

Jiwe lenyewe si kubwa. Kimo chake ni sentimita 82 na upana wake sentimita 65, na upande wa kushoto umelika kiasi kwamba mwanzo wa kila mstari umepotea. Hata hivyo, ukisimama mbele yake ukayaacha macho yazoee mwanga, mstari wa pili unasomeka hata kwa mtu asiyejua Kilatini: TIVS PILATVS. Huyo ni Pontio Pilato, liwali wa Uyahudi tunayemtaja kila Jumapili katika Kanuni ya Imani, na herufi hizo zilichongwa akiwa hai na akiwa bado madarakani.

Nililiona katika Makumbusho ya Israel, Yerusalemu, nikiwa na kundi la mahujaji kutoka Dar es Salaam. Kiongozi aliyetutembeza alitupa dakika 40 kwa makumbusho yote, na mbele ya jiwe hili alitamka sentensi moja tu, kwamba huo ndio uthibitisho wa Injili, kisha akatuhimiza twende. Kijana mmoja wa kundi letu, mwanafunzi wa chuo, alibaki nyuma akaniuliza, "Mwalimu, jina la Yesu liko mstari wa ngapi?" Nikamjibu kwamba halipo. Kiongozi alisikia, akamwambia kwamba mtu haji katika nchi takatifu kutilia mambo shaka. Niliumia, kwa sababu katika yote yaliyoulizwa siku ile, hilo ndilo lililokuwa swali la maana: siku hizi wapo wanaodai kwamba Yesu hakuwepo kabisa, kwa kuwa hakuna jiwe la wakati wake linalomtaja. Kesho yake, siku tuliyopewa kwa ajili ya kununua zawadi, nilirudi na kijana yule, tukalipa kiingilio wenyewe na kukaa humo zaidi ya saa nne. Tathmini hii inatokana na ziara hiyo ya pili.

Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1965 na ni makubwa mno kwa mtu mwenye haraka. Sehemu ya akiolojia imepangwa kwa kufuata nyakati, kuanzia binadamu wa kale kabisa hadi enzi za Waturuki, na vitu vya karne ya kwanza vimo katikati ya historia hiyo ndefu. Maelezo yameandikwa kwa Kiebrania, Kiarabu na Kiingereza. Ninausifu mpangilio huo, kwa kuwa unamlazimisha mgeni kumwona Pilato kama ofisa mmoja wa dola kati ya wengi waliopita katika nchi ile. Lakini mtu asiyejua anachokitafuta anaweza kuvipita vitu vitatu muhimu kuliko vyote bila kuvitambua.

Jiwe la Pilato lilipatikana mwaka 1961 na Waitaliano waliokuwa wakichimba ukumbi wa maonyesho wa Kaisaria, mji wa pwani alikokaa liwali, chini ya uongozi wa Antonio Frova. Wajenzi wa karne za baadaye walikuwa wamelitumia kama kipande cha ngazi, na ndiyo sababu limelika namna ile. Mstari wa kwanza unataja jengo lililowekwa kwa heshima ya Kaisari Tiberio, wa pili unataja jina, na wa tatu unataja cheo: praefectus wa Uyahudi. Mara nyingi husemwa kwamba kabla ya jiwe hili wasomi walidhani Pilato ni mtu wa kutungwa. Dai hilo limetiwa chumvi, kwa maana Philo wa Aleksandria na Josephus, Wayahudi wawili wa karne ile ile, wanamwandika kwa kirefu. Jiwe limeleta jambo dogo zaidi ambalo kwa mwanahistoria ni tamu: mwanahistoria wa Kirumi Tacitus, aliyeandika karibu mwaka 116, anamwita Pilato procurator, cheo kilichozoeleka baadaye, lakini jiwe linatupa cheo alichokuwa nacho kweli.

Sanduku la Kayafa ndilo lililonishika zaidi. Wayahudi wa Yerusalemu wa wakati ule waliwalaza wafu wao pangoni, kisha, nyama ilipokwisha kuoza, waliikusanya mifupa na kuitia katika sanduku la jiwe la chokaa. Mwezi Novemba 1990, kusini mwa Yerusalemu, wafanyakazi wa ujenzi walitoboa dari la pango lenye masanduku 12. Moja lina nakshi za kupendeza mno: duara mbili kubwa, na ndani ya kila duara ua moja limezungukwa na maua matano. Lakini ukizunguka upande usio na nakshi unakutana na mikwaruzo ya ovyo, kana kwamba mtu aliinama gizani na msumari mkononi akaandika upesi upesi: Yehosef bar Qayafa. Agano Jipya linamwita kuhani mkuu Kayafa tu, bila jina lingine. Ni Josephus anayesema kwamba jina lake lilikuwa Yosefu na Kayafa lilikuwa jina la kuitwa. Ndani mlikuwa na mifupa ya watu sita, mmoja wao mwanamume wa takriban miaka 60. Wapo wataalamu wanaotilia shaka kama jina hilo lisomwe Qayafa, na mgeni mwaminifu hana budi kuubeba mzigo huo wa shaka. Mimi naona nakshi, jina na zama vikichukuliwa pamoja vinaelekea kwake, ila sitamwapia mtu.

Kitu cha tatu ni kidogo, na wengi katika kundi letu walikipita. Ni kisigino kilichopigiliwa msumari. Mwaka 1968, katika kaburi la Giv'at ha-Mivtar kaskazini mwa mji, Vassilios Tzaferis alifukua sanduku lenye jina Yehohanan, na ndani yake mlikuwa na mfupa wa kisigino cha mguu wa kulia uliotobolewa kutoka ubavuni na msumari wa chuma wenye urefu wa sentimita 11.5. Chini ya kichwa cha msumari mlikuwa na mabaki ya kibao cha mbao, na ncha ya msumari imejikunja. Huenda ilikutana na kifundo kwenye mti, na walipomshusha marehemu hawakuweza kuuchomoa, basi akazikwa nao. Kijana alikitazama kimya muda mrefu kuliko alivyolitazama jiwe la Pilato.

Ni hapo nilipopata jibu ambalo sikuwa nalo jana yake. Liwali ana jiwe kwa kuwa alikuwa na mamlaka ya kuamuru mawe yachongwe. Kuhani mkuu ana sanduku la nakshi kwa kuwa ukoo wake ulikuwa na fedha. Yehohanan anajulikana kwa sababu msumari mmoja ulijikunja. Josephus anasimulia kwamba Varus, gavana wa Siria, aliwasulubu watu wapatao 2,000 baada ya kifo cha mfalme Herode, na katika hao wote hakuna hata mmoja tunayemjua kwa jina lililochongwa mahali. Anayedai kwamba Yesu hakuwepo kwa kuwa hakuna jiwe la wakati wake linalomtaja anadai kitu ambacho nchi ile haikumpa karibu mtu yeyote wa tabaka lake, sembuse mhubiri kutoka kijiji cha Galilaya aliyeuawa kama mhalifu. Wakati huohuo, kiongozi wetu naye alikosea, maana vitu hivi vitatu vinathibitisha hakimu, kuhani na adhabu, lakini havimtaji mshtakiwa.

Mshtakiwa anatajwa katika maandishi, na hapa ndipo ninapoyalaumu makumbusho, kwa sababu msingi wenyewe wa hoja ya wanahistoria mtu inambidi aje nao kichwani. Barua za Paulo zilianza kuandikwa takriban miaka 20 baada ya kusulubiwa, kabla ya Injili yoyote, na katika sura ya kwanza ya Wagalatia Paulo anaeleza, akiwa katikati ya ubishi na bila nia ya kuthibitisha kuwepo kwa yeyote, kwamba alikaa na Kefa, yaani Petro, siku 15 na kuonana na Yakobo, ndugu yake Bwana. Mtu aliyeonana uso kwa uso na ndugu wa marehemu ni shahidi mzito kuliko jiwe. Josephus, katika kitabu chake cha mwaka 93 au 94, anasimulia kuuawa kwa Yakobo huyohuyo na kumtambulisha kuwa ndugu wa Yesu aitwaye Kristo. Sehemu nyingine ya kitabu hicho, inayomsifu Yesu waziwazi, wataalamu wengi wanaona kwamba imeongezwa maneno na mikono ya Wakristo, na sisi Wakristo tukubali hivyo bila kununa. Tacitus, ambaye aliwadharau Wakristo, anasema kwamba Kristo aliuawa na Pilato wakati wa Tiberio. Mjerumani Bruno Bauer alikana kuwepo kwa Yesu katika karne ya 19, na hadi leo wapo wanaomfuata, lakini wanahistoria walio wengi, wenye imani na wasio nayo, wanakubali kwamba aliishi, kwamba alibatizwa na Yohana na kwamba alisulubiwa. Kuhusu kufufuka, historia haina kipimo, na sikumficha kijana jambo hilo.

Kwetu ubishi huu ni mgeni. Mihadhara ya dini niliyoihudhuria katika viwanja vya Dar es Salaam, Wakristo upande huu na Waislamu upande ule, hubishana juu ya Yesu ni nani na nini kilimpata msalabani, lakini pande zote mbili huanza kwa kukubali kwamba Isa bin Mariamu alitembea duniani. Vijana wa sasa wanakutana na shaka ya kuwepo kwake kwenye simu zao kabla hawajaisikia kwa mchungaji wala kwa ustadhi, na wakiuliza wanakemewa. Kumkemea kijana mbele ya ushahidi wenyewe, tena baada ya safari iliyogharimu akiba ya miaka, ni kosa ambalo sijaweza kulisamehe kwa moyo wote.

Jengo la magombo ya Bahari ya Chumvi, yaani maandishi ya kale ya Kiyahudi yaliyokutwa mapangoni karibu na bahari hiyo, lenye kuba jeupe mfano wa kifuniko cha mtungi na ukuta mweusi mbele yake, lina uzuri unaostahili peke yake kiingilio chote. Gombo kuu la Isaya lina urefu wa zaidi ya mita 7; kinachozungushwa katikati ya ukumbi ni nakala, nalo si jambo la kulalamikia, kwani ngozi ya miaka 2,000 haivumilii mwanga. Kiongozi wetu alisema magombo yanamtaja Yesu. Hayamtaji. Yanachoonyesha ni Wayahudi wa zama zile waliosubiri masihi na kuusoma Isaya kwa kiu, na hilo linatosha.

Utasikia pia, ndani na nje ya makumbusho, habari za masanduku mengine. Kaburi lililofunguliwa Talpiot, mtaa wa Yerusalemu, mwaka 1980 lilikuwa na sanduku la Yeshua mwana wa Yehosef, yaani Yesu mwana wa Yosefu, lakini majina hayo yalikuwa ya kawaida kama Juma na Hamisi kwetu, na sanduku jingine lenye majina hayohayo lilikwisha kutangazwa mwaka 1931. Sanduku la "Yakobo, mwana wa Yosefu, ndugu wa Yesu" lilitangazwa mwaka 2002 likiwa mkononi mwa mtu binafsi, bila kujulikana lilichimbwa wapi. Kesi ya kughushi iliisha mwaka 2012 kwa mshtakiwa kuachiwa huru katika shtaka hilo, lakini mahakama haikusema kwamba maandishi ni halisi. Usijenge imani yako juu yake.

Kwa anayekwenda, ninashauri aanze na akiolojia akiwa bado na nguvu, kisha aende kwenye magombo, na amalizie nje kwenye mfano wa Yerusalemu ya mwaka 66, uliojengwa kwa kipimo cha moja kwa hamsini, ambapo kwa macho yako unapima jinsi Hekalu lilivyoyafunika makazi ya watu wa kawaida. Mfano huo uko juani, kwa hiyo maji na kofia ni lazima. Asome Wagalatia sura ya kwanza usiku wa kuamkia siku hiyo. Kiongozi wa kundi akimpa chini ya saa mbili, aombe aachwe nyuma, na akubaliane naye mapema mahali basi litakapomchukua, maana sisi tulilisubiri hadi jioni kwenye lango lisilo lenyewe.